Kidonge cha saa mbili usiku

Ikikaribia saa mbili usiku, nyumbani kwa wazazi wangu Kilosa hakuna anayegusa rimoti. Mama anakuwa ameshatenga: ugali, mchicha, siku nyingine samaki wa kukaanga. Baba anakula kwanza. Akishanawa, anajaza maji bilauri kubwa, anafungua kichupa cheupe, anatoa kidonge kimoja, na mlio wa taarifa ya habari unapolia kwenye runinga anakimeza. Kisha anavaa miwani na kuvuta daftari la jalada gumu, aina ile ile aliyokuwa akiandikia saa za treni kwa miaka zaidi ya 30 kazini. Anaandika tarehe, anaandika saa, anatia alama ya vema.

Baba ni stesheni masta mstaafu. Ana miaka 74, na tangu Februari 2019 anaishi na saratani ya damu.

Anayelifungua daftari lile hukutana na jambo la ajabu ukurasa wa kwanza. Juu kabisa kuna tarehe aliyopewa dawa kwa mara ya kwanza. Chini yake mistari 26 haina kitu. Pembeni, kwa mwandiko wake uliolalia kulia, ameandika neno moja: Sikuulizwa.

Neno hilo linatuhusu sisi watoto wake wanne, na ndilo lililonifanya niandike makala hii. Najua wiki hii, katika nyumba nyingi za nchi hii, kuna ndugu wamekaa sebuleni wakinong'onezana, mzazi wao akiwa chumba cha pili, na mmoja wao amekwisha kusema: "Asiambiwe."

Mkanda uliogoma

Ilianza na mkanda. Mwishoni mwa 2018 Baba alikuwa akikonda usoni na mikononi, lakini mkanda wake wa suruali ukawa haufiki tundu lake la kawaida. Akila matonge mawili alikuwa ameshiba. Usiku alitoka jasho hadi Mama akawa anabadilisha shuka mara mbili. Aliyekuwa akitembea kwa miguu hadi stesheni kila asubuhi, kusalimiana tu na vijana wa kazi, akaanza kupumzika njiani.

Alitibiwa malaria mara tatu. Akapewa dawa za vidonda vya tumbo. Shangazi alipomshika ubavuni kushoto na kukuta pagumu kama ubao, akasema hiyo ni bandama, na bandama kwao huchanjwa chale na kupakwa dawa. Shangazi hakukosea kuhusu bandama. Ilikuwa imevimba kweli, imevuka mbavu na kushuka hadi usawa wa kitovu. Alichokosa kujua, kama sisi sote, ni sababu. Katika nchi yenye malaria na kichocho, bandama iliyovimba ina majina mengi ya kuitwa kabla hajafika mtu wa kusema tupime damu yote.

Kipimo hicho ni cha kawaida, huhesabu chembe za damu za kila aina. Mtu mzima mwenye afya huwa na chembe nyeupe kati ya 4,000 na 11,000 hivi katika tone dogo la ujazo wa maikrolita moja. Za Baba zilikuwa 286,000. Mtaalamu wa maabara alirudia kipimo akidhani mashine ina hitilafu. Namba ikarudi ile ile. Tukaandikiwa rufaa kwenda Dar es Salaam, akachomwa sindano kwenye mfupa wa nyonga kuchukua uboho, na baada ya siku kadhaa daktari akasema anataka kuzungumza na Mzee.

Kaka yetu mkubwa akamwahi mlangoni. "Daktari, tunaomba utuambie sisi kwanza."

Mwaka 1999

Tulikuwa na sababu yetu, na wakati ule tuliiona nzuri.

Kwa Watanzania wa umri wa wazazi wangu, maneno saratani ya damu yana tarehe. Alhamisi ya tarehe 14 Oktoba 1999 Rais Benjamin Mkapa alilitangazia taifa kwamba Mwalimu Julius Nyerere amefariki katika hospitali ya St Thomas', London, kwa lukemia. Alikuwa na miaka 77. Miezi michache nyuma alikuwa bado msuluhishi wa mazungumzo ya amani ya Burundi kule Arusha. Wengi wetu hatukuwa tumewahi kusikia jina la ugonjwa huo. Tulilisikia kwa mara ya kwanza likiwa limekwisha kumchukua Baba wa Taifa.

Baba aliipata habari hiyo akiwa zamu, redio ikiwa juu ya meza ya tiketi. Nakumbuka alivyorudi nyumbani bado amevaa sare, akakaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma bila kuvua kofia. Nilikuwa msichana wa shule ya msingi. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona analia.

Kwa hiyo miaka 20 baadaye, watoto wanne tulipoketi kwenye benchi la korido ya hospitali, hoja ya Kaka ilikuwa moja: tukimtajia jina hilo, tutakuwa tumemuua kwa jina kabla ya ugonjwa. Ikaungwa mkono. Mama naye akanyamaza, na sisi tukauita ukimya wake ridhaa. Kuna methali tunayoitumia sana kwenye kuuguza: mgonjwa haulizwi uji. Unapika, unapoza, unamnywesha. Upendo wa kwetu ndivyo ulivyofundishwa, kutenda bila kuuliza. Tukamwomba daktari amwambie Mzee kwamba ana upungufu wa damu na ameandikiwa dawa za kuiongeza.

Daktari alitutazama kwa muda. Akasema atasema uongo mdogo kwa siku chache, lakini akiulizwa swali la moja kwa moja hatadanganya.

Uongo una gharama yake

Dawa aliyoanza nayo ni haidroksiyurea, vidonge vya kushusha wingi wa chembe nyeupe wakati majibu makubwa zaidi yakisubiriwa. Ilifanya kazi upesi. Ndani ya wiki mbili jasho lilipungua na hamu ya kula ikarudi. Hapo ndipo uongo wetu ulipotugeuka. Mtu aliyeambiwa amepungukiwa damu, na sasa anajisikia vizuri, kwa nini aendelee kumeza vidonge vinavyomchafua tumbo? Baba akaanza kuruka siku, baadaye akaacha. Mdogo wetu wa mwisho, anayeishi nao Kilosa, alipomkumbusha dawa alijibiwa kwamba damu imeshatosha.

Tuliporudi kliniki siku ya 26, chembe nyeupe zilikuwa zimepanda tena karibu pale pale zilipoanzia.

Kumbe Baba alikuwa anajua. Foleni ya kliniki ya damu ina mabenchi marefu, na watu wanaokaa saa nne pamoja hawakosi la kuzungumza. Siku ya kwanza tu, kijana mmoja aliyekaa jirani yake alimwamkia na kumwuliza, kama mtu anayeuliza mwenzake anatoka mkoa gani: "Shikamoo Mzee. Na wewe una lukemia ya muda mrefu kama sisi?" Baba aliitikia marahaba, akanyamaza. Akaibeba habari ile siku 26 peke yake, akitulinda sisi tuliokuwa tukidhani tunamlinda yeye. Dawa aliziacha, alituambia baadaye, kwa sababu kama watoto wake wameona hafai hata kuambiwa, basi safari imekwisha, na vidonge ni vya kumliwaza.

Alituambia haya ndani ya chumba cha daktari, sauti yake ikiwa chini, ile ya kazini.

"Mimi nimefanya kazi ya reli. Njia ni moja. Hata treni tupu huiachii kuondoka kabla hujauliza stesheni ya mbele kama njia iko wazi. Ukiiachia bila kuuliza, hata kama nia yako ni abiria wawahi, unaua watu. Nyie wanangu mmeniachia treni bila kuniuliza."

Hakuna aliyejibu. Kisha akamgeukia daktari: "Sasa niambie mwanangu. Nina nini, na njia ikoje?"

Methali nyingine inasema mficha maradhi kifo humuumbua. Tumezoea kuielekeza kwa mgonjwa. Siku ile niliisikia upya. Wafichaji tulikuwa sisi, na kwa siku 26 tulikuwa tumeuondoa ugonjwa mikononi mwa mtu pekee aliyekuwa na uwezo wa kuumezea dawa.

Behewa lililoungwa vibaya

Daktari alichukua karatasi na kuchora reli.

Saratani ya damu, alisema, ni jina la ukoo. Ndani yake kuna lukemia, zinazoanzia kwenye uboho na kumwagika kwenye damu. Kuna limfoma, za tezi. Kuna mayeloma, inayotafuna mifupa na kuumiza figo. Lukemia zenyewe ziko za kasi, zinazohesabiwa kwa siku na wiki, na za muda mrefu. Aliyokuwa nayo Mwalimu na hii yako, Mzee, ni watu wawili tofauti wa ukoo mmoja.

Ya Baba ni lukemia sugu ya mayeloidi. Chanzo chake kinajulikana kuliko saratani nyingi. Mwaka 1960 watafiti wawili wa mji wa Philadelphia, Peter Nowell na David Hungerford, waliona katika damu ya wagonjwa wa aina hii kromosomu moja fupi kuliko kawaida. Mwaka 1973 Janet Rowley wa Chicago akaonyesha kilichotokea: kromosomu ya 9 na ya 22 zimekatika na kubadilishana vipande. Daktari alichora treni mbili, kila moja ikiwa na behewa la mwenzake. Pale behewa geni linapoungwa huzaliwa jeni mpya, BCR-ABL, ambayo kazi yake ni kutoa amri moja usiku na mchana kwa chembe nyeupe: zaaneni.

Dawa iitwayo imatinib huenda moja kwa moja kwenye mdomo wa amri hiyo na kuuziba. Iliidhinishwa Marekani Mei 2001, miaka miwili kasoro baada ya msiba wa Mwalimu. Kabla yake wagonjwa wengi wa aina hii walihesabu miaka michache. Katika utafiti mkubwa wa kimataifa uliowafuata wagonjwa kwa muda mrefu, walioanza na imatinib walikadiriwa kuwa hai takribani 83 kwa kila 100 baada ya miaka 10. Shirika la Afya Duniani liliiingiza kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2015.

Baba aliuliza maswali mawili. La kwanza: "Nimewaambukiza hawa?" Hapana. Haiambukizi kwa damu, chakula wala kulala kitanda kimoja. La pili: "Nimewarithisha?" Hapana. Behewa lile liliungwa vibaya ndani ya mwili wake mtu mzima. Hakuzaliwa nalo wala hakumpa mtoto. Aliposikia jibu la pili alishusha pumzi ndefu. Nikaelewa kwamba katika siku zile 26, hofu iliyokuwa ikimkosesha usingizi haikuwa ya kufa kwake. Ilikuwa ya sisi. Na hatukumpa nafasi ya kuiuliza.

Dawa ya bure, nauli si bure

Imatinib ilipoingia sokoni bei yake ilikuwa ndoto kwa mstaafu wa reli. Wagonjwa wa nchi nyingi za Afrika waliifikia kwa mlango mwingine. Mwaka 1997 familia moja nchini Marekani ilianzisha shirika la The Max Foundation kwa kumbukumbu ya kijana wao Max, mzaliwa wa Argentina, aliyechukuliwa na ugonjwa huu huu wa Baba kabla dawa haijapatikana. Kuanzia 2002 shirika hilo, pamoja na kampuni ya Novartis inayotengeneza dawa hiyo, likaendesha mpango wa kuigawa bila malipo kwa wagonjwa wa nchi zenye kipato kidogo. Tanzania na Kenya zilijumuishwa. Ni wazazi waliozika mtoto, na jasho lao leo linatulindia mzazi wetu. Kila mara Baba akifungua kichupa, mimi humkumbuka kijana huyo ambaye hatukumjua.

Dawa basi ni bure. Kilicho na bei ni kuifuata. Kutoka Kilosa hadi Dar es Salaam ni karibu kilomita 300. Nauli ya mgonjwa na msindikizaji, chakula, siku mbili za kibarua cha anayesindikiza, vipimo ambavyo bima haikuvigusa. Mwaka wa kwanza ndugu tulikaribia kukosana. Kaka, aliyeko Dodoma, alidhani kutuma fedha ni kumaliza wajibu. Mimi wa Dar es Salaam nilipokea wageni, nikakesha foleni, na moyoni nikaanza kuhesabu. Dada yetu wa Mwanza alipiga simu kila jioni kuuliza maendeleo, lakini akiombwa mchango, mtandao unasumbua. Mdogo wetu wa Kilosa, asiye na mshahara, ndiye aliyembeba Baba kwa pikipiki alfajiri, na hakuna aliyemshukuru, kwa kuwa hakutuma fedha.

Aliyetuponya ni Baba mwenyewe, alipopewa ugonjwa wake. Aliitisha kikao, daftari mkononi, akapanga zamu kama alivyopanga za stesheni. Nani anasindikiza robo hii ya mwaka, nani analipa nauli, nani anahifadhi majibu ya vipimo, nani anakaa na Mama. Kwa mdogo wetu aliandika kazi yake kwa ukamilifu na kuitaja mbele ya wote. Zile siku alizotoa zilikuwa fedha, alisema, na zitahesabiwa.

Na akamtaja Mama. Hakuna kati yetu aliyekuwa amegundua kwamba tangu jasho la usiku lianze, Mama hakuwa amelala usiku mzima. Anayeuguza haandikwi kwenye kadi ya kliniki, hapimwi presha, haulizwi pole yake inamtosha. Baba akaandika: mwisho wa kila mwezi Mama aende kwa dada yake Morogoro siku tatu, na mmoja wa watoto aje kushika nafasi. Mama alikataa mara mbili. Mara ya tatu alikwenda, na dada yake akatuambia alilala hadi saa nne asubuhi.

Vidonge vitatu

Ugonjwa wa namna hii hauna siku ya ushindi. Una saa mbili usiku, leo, kesho na mtondo. Utafiti mmoja wa London uliochapishwa mwaka 2010 uliwafuatilia wagonjwa 87 waliokuwa kwenye imatinib kwa miaka. Waliomeza zaidi ya asilimia 90 ya vidonge vyao walikuwa na uwezekano wa takribani 94 kwa 100 wa kufikia kiwango kizuri cha tiba. Waliopungua hapo, 28 kwa 100. Katika mwezi wa siku 30, asilimia 10 ni vidonge vitatu. Harusi moja, msiba mmoja, safari moja iliyosahau kichupa.

Na kumeza kuna ujira wake. Macho yake huvimba asubuhi. Misuli ya miguu humkaza usiku, Mama humkanda kwa mafuta ya nazi. Ngozi imekuwa nyeupe zaidi ya ilivyokuwa, jambo linalojulikana kwa dawa hii. Balungi, tunda alilolipenda, aliambiwa asile, kwa kuwa hubadili namna mwili unavyoipokea dawa. Na mitaani, mtu aliyekonda na anayemeza kidonge kila siku kwa saa ileile hupewa jina la ugonjwa bila kupimwa. Baba alisikia. Jioni moja akaenda kijiweni wanapocheza bao, akasubiri mchezo uishe, akawaambia wenzake mwenyewe: nina saratani ya damu, aina hii, natumia dawa hii, haiambukizi, aliye na swali aulize. Habari ikiwa mikononi mwa mwenyewe haina cha kuongezwa.

Kila baada ya miezi kadhaa hupimwa kiasi cha BCR-ABL kilichobaki kwenye damu. Mashine inayotumika, GeneXpert, ni ile ile iliyosambazwa hospitalini kupimia kifua kikuu; huwekewa katriji ya aina nyingine tu. Baba huandika jibu kwa kalamu nyekundu. Mwanzo, asilimia 62. Mwaka mmoja baadaye, 0.9. Mwaka uliofuata, 0.07, chini ya mstari wa 0.1 ambao madaktari huutafuta. Mjukuu wake, binti yangu, alikuwa na miaka saba alipouliza mbele ya wote: "Babu, utakufa?" Mimi nilitaka kumfokea. Baba akamwonyesha namba nyekundu zikishuka ukurasa hadi ukurasa, akamwambia: "Nitakufa siku moja kama watu wote. Hii hapa nimeibana, lakini haijatoka. Wewe kazi yako ni kunikumbusha." Mtoto akaridhika kuliko sisi tulivyowahi kuridhika na jibu la daktari.

Benchi lile lile, njia tofauti

Ningekosa ukweli kama ningeishia kwa Baba. Kwenye mabenchi yale nimekaa na watu ambao treni yao haikupewa muda.

Mwanamke mmoja wa rika langu alikuwa akimuuguza mama yake kwa lukemia ya kasi. Kwao hakukuwa na kidonge kimoja na daftari. Kulikuwa na kemotherapia ya kulazwa, homa za ghafla, na damu. Damu kila siku. Chembe sahani, zile zinazozuia mtu asivuje, hukaa siku tano tu tangu kutolewa. Huwezi kuziweka akiba za mwezi. Nilimwona akipiga simu kwa wanakwaya, kwa vijana wa mtaani, kwa waliosoma naye. Kuna jambo dogo ambalo kila msomaji wa makala hii anaweza kulifanya: mwenye afya, umri wa miaka 18 hadi 65 na uzito usiopungua kilo 50, anaweza kuchangia damu, mwanamume kila baada ya miezi mitatu na mwanamke kila baada ya minne. Usisubiri kuitwa kwa jina la ndugu yako.

Nilimwuliza kama mama yake anajua. "Nilimwambia siku ile ile," alisema. "Kama siku zake ni chache, basi ni zake." Mama yule alitumia wiki zake. Alimtaja anayemdai na anayedaiwa. Alionyesha mpaka wa shamba. Akaomba aitwe mdogo wake ambaye hawakuwa wamesemezana kwa miaka mingi, na wakasuka mkeka mmoja pale kitandani, kila mmoja kwa upande wake. Alifariki kabla haujaisha. Mdogo mtu aliumalizia, ukatandikwa matangani.

Nilikuwa nimeamini kwamba ukweli ni kwa mgonjwa mwenye matumaini, kama Baba, na kwamba asiye nayo ahurumiwe kwa kunyamaziwa. Mwanamke yule alinigeuza. Mwenye siku chache ndiye mwenye haraka ya kuzijua.

Tiba zetu nazo zinasogea. Tangu 2021 Hospitali ya Taifa Muhimbili imekuwa ikipandikiza uboho kwa wagonjwa wa mayeloma, huduma ambayo zamani ilikuwa safari ya India. Lakini hakuna mashine itakayofanya kazi ya kwanza ya familia. Mwulize mzazi wako anataka kujua kiasi gani. Wapo watakaosema, "Niambieni kidogo kidogo," na wapo watakaosema, "Mwambie kaka yako, mimi nipeni dawa tu." Hilo nalo ni jibu, na ni lake. Kosa letu halikuwa kunyamaza pekee. Tulimjibia.

Kaka anauliza

Mwezi uliopita tulikuwa kliniki. Siku hizi Baba husafiri kwa treni ya umeme. Kilosa ina stesheni mpya, na yeye huwahi mapema mno ili aone wanavyopokea treni. Kaka alikuwa amekuja kutoka Dodoma kwa zamu yake.

Daktari alisema kukaza kwa misuli kumezidi, na kuna dawa nyingine ya kizazi kilichofuata, nilotinib, ambayo tunaweza kuifikiria. Humezwa mara mbili kwa siku, tumbo likiwa tupu: saa mbili bila chakula kabla, saa moja baada. Kwa mwenye presha kama Mzee ina tahadhari zake za moyo na mishipa. Au anaweza kubaki na hii na kupewa ya kupunguza maumivu.

Kaka alivuta pumzi ya kutaka kusema. Namjua, alikuwa na jibu tayari. Akaliacha. Akamgeukia Baba.

"Baba, wewe unasemaje?"

Baba hakujibu upesi. Aliuliza kama namba yake nyekundu ingeshuka zaidi kwa dawa mpya. Aliuliza kama akibadili anaweza kurudi. Aliuliza Mama atapika saa ngapi. Kisha akasema miguu ni yake na anajua inavyouma. Atabaki na kidonge chake, na mwaka kesho aulizwe tena.

Tulirudi kwa treni ya jioni. Saa mbili ilitukuta bado tuko safarini, nje giza tupu. Baba alikuwa ameshakula chapati mbili alizofungiwa. Akatoa kichupa, akatoa chupa ya maji, akamtazama Kaka, aliyekuwa ameshashika daftari na kalamu.

"Andika," alisema. "Saa mbili kamili."

Kaka akaandika.